Bagamoyo, mji wa waliobeba mizigo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MGENI akishuka kwenye daladala Bagamoyo hamalizi dakika tano kabla hajapata mtu wa kumtembeza. Kijana atamsalimia, atamwuliza ametoka nchi gani, kisha ataanza kazi. Atamweleza kwamba jina la mji huu ni "bwaga moyo". Mateka waliotoka bara, atasema, walipofika ufukweni na kuiona bahari walijua kwamba kurudi hakupo tena, wakaubwaga moyo mchangani na kupandishwa jahazi kwenda Unguja. Mtalii husikiliza kwa huzuni, hupiga picha Ngome Kongwe, humpa kijana chochote, kisha huenda hotelini kula pweza.

Nimetembezwa mji huu mara tatu, na vijana watatu tofauti, na simulizi ilikuwa ileile. Siwalaumu. Huzuni inauzika, na mgeni aliyetoka Ulaya amekuja akiitarajia. Lakini sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya kusita kidogo. Nani hubwaga? Mchukuzi hubwaga mzigo, na akishaubwaga hupumua. Aliyechoka na uongozi hubwaga manyanga. Mtu akikwambia ubwage moyo, hakuambii ukate tamaa, anakuambia utulie, uache wasiwasi, umefika. Kwa mtu aliyetembea miezi mitatu na pembe ya ndovu begani, jina hilo lilikuwa na maana moja tu: hapa ndipo mwisho wa njia, tua.

Hoja ya jina si mchezo wa maneno. Inahusu ni nani aliyeujenga mji huu, na jibu lake linamgusa msomaji wa Bujumbura, Kigoma, Kampala na Kasongo kuliko linavyomgusa mtalii.

Tuanze na lisilo na ubishi. Utumwa Bagamoyo ulikuwepo, na atakayeukanusha anadanganya. Mateka walipitishwa hapa kwenda Unguja, na wengine walibaki kulima mashamba ya jirani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao hapa mwaka 1868, kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwakomboa watoto kwa fedha na kuwalea, na baadaye wakajenga kijiji cha waliokombolewa. Hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja, biashara hiyo iliendelea kwa kificho kwa miaka kadhaa.

Hata hivyo, bandari kubwa ya watumwa katika pwani hii haikuwa Bagamoyo. Ilikuwa Kilwa Kivinje, kusini, walikofikishwa mateka wa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kilichoikuza Bagamoyo kilikuwa pembe za ndovu. Ulaya na Marekani walizitaka kwa ajili ya vinanda, vitana na mipira ya biliadi. Tembo waliokuwa karibu na pwani walipopungua, wafanyabiashara walizifuata pembe Unyanyembe, kisha Ujiji, kisha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Hakukuwa na gari, na ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o njiani. Kila kilichosafiri kilisafiri juu ya bega au kichwa cha mtu.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtu huyo alikuwa mtumwa aliyefungwa mnyororo, akibeba pembe leo ili auzwe pamoja nayo kesho. Watafiti walioichunguza njia hii ya kati wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wabebaji wake walikuwa watu huru wa kuajiriwa, hasa Wanyamwezi na Wasukuma. Walipatana ujira, walijua uzito wa mzigo wanaostahili kupewa, na bwana wa safari akizidisha walikaa chini. Wakisusa, au wakitoroka usiku, safari nzima ililala porini. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya wapagazi, na ukivisoma kwa kuvigeuza unaona watu waliojua thamani ya kazi yao.

Msimu wao ulianza mvua zilipokwisha. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni kilomita 800 hivi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, mbali na mkeka wa kulalia, chungu na chakula cha mbebaji mwenyewe. Kuteremka walibeba pembe. Kupanda walibeba kitambaa cha merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Wake na watoto wengi walifuatana nao. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, na nyuma alifuata mnyapara akihimiza.

Maneno hayo hayakufa. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, mara nyingi kikilipwa kwa kipande cha nguo, na leo wabunge wetu wanagombania posho. Mnyapara, neno lililotoka Unyamwezi, sasa ni msimamizi wa vibarua au kiranja wa wafungwa. Hongo lilikuwa ushuru halali ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake, na kila mtu aliujua. Lilivyoporomoka hadi maana yake ya sasa, labda askari wa barabarani wanaweza kutueleza.

Na lugha yenyewe ilisafiri kwa miguu hiyohiyo. Kiswahili hakikufika Ujiji, Rumonge, Buyenzi ya Bujumbura au Kasongo kwa vitabu. Kilifika kwa watu waliohitaji kupatana bei ya mtama na kuulizana njia. Gazeti hili unalolisoma leo katika nchi isiyo na bahari lina deni lake kwa wapagazi.

Mji wa wageni

Kabla ya misafara, Bagamoyo ilikuwa kijiji cha Washomvi, wavuvi na wachemsha chumvi walioishi kwa mapatano na Wazaramo waliokuwa nyuma yao. Mji mkubwa wa zamani ulikuwa Kaole, kilomita chache kusini, ambako magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo yameanzia karne ya 13. Kaole ilizimika, na Bagamoyo ikachukua nafasi yake kwa sababu rahisi: inatazamana na Unguja, yapata kilomita 40 za maji, na ufuko wake ni tambarare, hivyo jahazi likipwelewa unaweza kupakua mzigo kwa kutembea majini hadi magotini.

Kufikia miaka ya 1870 mji ulikuwa na Waarabu wenye mashamba ya minazi, askari wa Kibaluchi wa Sultani, na wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha bidhaa za safari nzima. Mmoja wao, Sewa Haji Paroo, alikuwa ndiye wa kumwendea msafiri aliyetaka wapagazi mia mbili kesho kutwa. Aliacha fedha kwa ajili ya shule na hospitali, na mgonjwa anayelazwa Muhimbili, Dar es Salaam, hadi leo anaweza kupelekwa jengo la Sewahaji bila kujua ni nani huyo.

Lakini msimu wa kiangazi ulipofika, wote hao walizidiwa kwa idadi na watu wa bara. Makumi ya maelfu ya wapagazi walipita hapa kila mwaka. Walijenga vibanda vya nyasi pembezoni mwa mji, wakasubiri mzigo wa kurudi, wakala samaki, wakacheza ngoma zao hadi usiku wa manane, wakagombana na wenyeji na wakaoa. Nguo waliyolipwa waliivaa au kuibadilisha na bidhaa za dukani. Wengine hawakurudi. Ukoo mmoja Bagamoyo leo unaweza kukuhesabia bibi Mmanyema, babu Mnyamwezi na mjomba Mshihiri, na wote wakakuambia wao ni Waswahili wa hapahapa.

Historia iliyoandikwa inawakumbuka zaidi waliobebewa. Burton na Speke walianzia safari yao Kaole mwaka 1857. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji. Mwaka 1878 uliondoka hapa msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, ukagawanyika njiani: wengine wakaenda Ujiji na mwaka uliofuata Rumonge, katika Burundi ya leo, na wengine wakaenda Buganda, ambako Padri Lourdel na Bruda Amans waliteremka Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 1879. Mahujaji wa Uganda wanapajua Kigungu. Wangapi wanajua kwamba safari ile ilianzia kwenye ufuko huu?

Halafu kuna kisa cha Emin Pasha, ambacho wenyeji husimulia wakicheka. Stanley alimtoa Ikweta, jimbo lililokuwa kwenye mpaka wa Uganda na Sudan Kusini ya leo, na kumleta salama, kupita Ankole na Karagwe, hadi Bagamoyo, Desemba 4, 1889. Wajerumani wakamfanyia karamu ghorofani. Emin, aliyekuwa haoni vizuri, alitoka dirishani akidhani ni mlango wa baraza, akaanguka hadi chini na kuumia kichwa vibaya.

Maiti ya Livingstone

Kituo ambacho hakuna mtalii anayekikosa ni mnara wa kanisa la zamani la misheni, lililojengwa mwaka 1872. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Jina lake liko juu ya mnara.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Aliokuwa nao, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake walitoa moyo na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai ufanane na mzigo wa kawaida wa safari, kwa sababu vijiji vingi visingeruhusu maiti ipite. Kisha watu kama 60, wanaume na wanawake, wakatembea zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi kama tisa. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike huko. Wakakataa. Baadhi yao walikufa njiani.

Walipoukabidhi mwili pwani walilipwa ujira wao, na wengi wao wakaachwa hapo. Jacob Wainwright peke yake, kijana aliyesoma shule ya misheni, ndiye aliyesafiri na jeneza hadi maziko ya Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Kwa hiyo mtu mmoja katika habari hii ndiye aliyeuacha moyo wake kwelikweli, na hakuuacha Bagamoyo, aliuacha Chitambo. Waliomleta ndio waliobwaga mzigo hapa.

Hatua chache kutoka mnarani pana mbuyu mkubwa wa misheni, na kwenye shina lake kimetokeza kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Wageni wakiuona hunyamaza. Wanadhani wanajua ulimfunga nani. Wenyeji wa misheni wanasimulia kwamba ni mnyororo wa kufungia punda.

Kilichouua mji

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ilikodi pwani kutoka kwa Sultani na kuanza kupandisha bendera na kudai kodi. Pwani ikalipuka, chini ya Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Bagamoyo ilipigwa na manowari, watu wakakimbilia misheni, na mashamba na nyumba zikachomwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Ufukweni Bagamoyo pana alama ya mahali ambapo Wajerumani waliwanyongea waliowapinga, na si mbali na hapo pana makaburi ya Wajerumani wenyewe, yakiwa yamefagiliwa vizuri.

Waliifanya Bagamoyo makao makuu yao ya kwanza. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Ufuko tambarare uliofaa majahazi haukufaa meli za mvuke, ambazo zililazimika kutia nanga mbali, na Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya kina. Bado mpagazi alikuwepo, kwa hiyo mji ukaendelea kupumua. Kilichouzima ni reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria, ikachukua mizigo ya Uganda. Mwaka 1914 reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Treni moja ilibeba kwa siku chache kilichohitaji mabega maelfu kwa miezi mitatu, na haikupita Bagamoyo.

Ajabu ni kwamba mtu aliyetuachia picha iliyo hai kabisa ya mji ule ni mwana wa Bagamoyo, na kwenye matembezi yangu yote matatu hakutajwa hata mara moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mwalimu hapa. Maandishi yake juu ya ndoa, ngoma, kilimo, madeni na safari za bara ndiyo kiini cha kitabu "Desturi za Waswahili", kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Velten kama mhariri. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani. Alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka pamoja Dar es Salaam. Wakarudi Ujerumani, na huko akafia mwaka 1927. Mji wenye chuo cha sanaa kinachojulikana Afrika Mashariki nzima ungeweza walau kumpa mtaa.

Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, ndicho kilichoirudishia Bagamoyo wageni wa bara. Tamasha lake la kila mwaka huleta wapiga ngoma na wacheza michezo ya kuigiza kutoka nchi jirani, na wiki hiyo mji hujaa vibanda tena. Majirani walikuja hata kabla ya hapo: wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO ilikuwa na shule yake ya sekondari hapa. Baadaye barabara ya lami kutoka Dar es Salaam ilileta hoteli za ufukweni na semina za siku tatu.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Tangu hapo inasubiri. Nyumba zenyewe hazijui kusubiri. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa, na nyumba ya namna hiyo inadumu karne ikiwa ina paa na mtu wa kuipaka chokaa. Paa likitoboka, mvua huyeyusha chokaa kutoka katikati ya ukuta, boriti zinaoza, mizizi ya mti inapenya, na ghorofa inashuka yenyewe bila kuguswa. Tembea Mtaa wa India utaziona za kila hatua: iliyotengenezwa na kuwa nyumba ya wageni, iliyobaki mlango wa nakshi na hewa nyuma yake, na iliyobaki kifusi cha kufungia mbuzi.

Mbegani, kusini mwa mji, ulipangwa mradi wa bandari kubwa kwa makubaliano na China ya mwaka 2013. Ukasimama, ukazungumzwa tena. Wenye mashamba huko wamejifunza kuisikia habari hiyo kama wanavyosikia utabiri wa mvua. Kwa sasa mizigo ya Kigali na Bujumbura inatoka bandari ya Dar es Salaam kwa malori, inapita Chalinze, inapanda Morogoro na Dodoma, na kwa sehemu kubwa inafuata mwelekeo uleule wa wapagazi. Madereva wanalala njiani, wanalipwa posho, na kuhusu hongo waulize wenyewe.

Msomaji anayetaka kufika, Bagamoyo ni kama kilomita 70 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na daladala zinaondoka stendi ya Makumbusho. Nenda asubuhi, samaki wakiwa wanateremshwa karibu na magofu ya forodha ya zamani, ambako vijana huingia majini hadi kifuani na kutoka na matenga kichwani. Kijana wa kukutembeza akikupata, mkubalie, maana ndiyo riziki yake. Ila mwombe asianzie kanisani. Mwambie akupeleke kwanza Mwanamakuka, kwenye kambi ya misafara: ua mpana na nyumba ya ghorofa katikati. Nilipokuwa hapo mara ya mwisho tulikuwa watu watatu, mimi, mlinzi, na mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake kutoka Tabora. Mzee aliuliza wapagazi walilala wapi. Mlinzi akamwonyesha kwa mkono upande wa nje wa ukuta, ambako sasa pana nyumba za watu, kamba za kuanikia nguo na duka la vocha za simu.